Miti ya Kabingo

Jumatatu, 6 Novemba

Vidonge viwili, uji wa mtama. Miguu imevimba tena, viatu haviingii. Mama Jeanine, mkamwana wangu, amenivalisha kandambili za marehemu mke wangu. Zinatosha. Aibu ndogo.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Hakusema utapumzika lini. Basi niandike jambo nililolificha tangu ujana wangu wa kazi: miti ya Kabingo si ya bami, wafalme wa zamani. Hakuna mwami aliyewahi kukaa pale. Hadithi ile ni yangu. Niliitunga mimi, agronomu wa serikali, Mkristo, mwenye diploma.

Hapa Masisi, mtu akiona miti ya muko imesimama kwa duara juu ya kilima, haulizi. Palikuwa na ua wa mwami. Nguzo za muko zikichomekwa ardhini hushika mizizi. Nyumba inaoza, watu wanakufa, ua unabaki na kuchanua maua mekundu. Hakuna anayethubutu kuukata. Niliitumia imani hiyo. Nilipanda nguzo kwa duara, nikatangaza kwamba ni za mababu. Vilima vingine vyote viligeuzwa makala, mkaa wa kupikia. Kabingo ilibaki, na chemchemi yake inanywesha mji.

Hiyo ndiyo siri. Nikiisoma, si mbaya sana.

Alhamisi kuna forum katika chuo cha serikali, kuhusu mji na mazingira yake. Asistan Bahati, mwalimu kijana wa chuo, amekuja mwenyewe kunialika. Nitakaa mbele. Nimefurahi kuliko inavyofaa kwa mtu anayekufa.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Korongo la nyuma ya soko limekula majiko mawili na choo cha shule. Mji huu ulikuwa wa watu wachache. Sasa wamo wote waliokimbia, wa Bihambwe, wa Kalembe, wa kila kilima. Bache juu ya bache, turubai za wakimbizi. Hakuna aliyepanga. Aliyepaswa kupanga, zamani, ni mimi.

Mama Nyota kachelewa na maziwa. Anakaa Kabingo, mteremko wa chini ya miti, pamoja na familia nyingine za wafugaji kutoka Bihambwe. Ana ng'ombe wawili waliobaki. Njia yake imeporomoka. Amefika na tope hadi magotini, bidoni, dumu lake la maziwa, halikumwagika hata tone.

Alhamisi, 9 Novemba

Sijui niandike kwa mpangilio gani.

Ukumbi ulijaa. Manjanja, mabati ya paa, yalipiga kelele kwa mvua, jenereta nayo, Asistan Bahati akashika mikro kwa mikono miwili. Alionyesha ukutani picha ya Kabingo iliyopigwa kutoka juu. Duara la miti, jekundu. Watu wakasema aah. Hata mimi. Sikuwahi kuiona kutoka juu.

Akaeleza. Mji unaokua bila miti huteleza na kuanguka. Kabingo ni mapafu ya mji. Huu ni ua wa kifalme. Tazameni pengo upande wa magharibi, huo ni mlango wa mwami. Chuo kinapendekeza bustani ya mji pale juu, na miti mipya hadi chini. Alisema vizuri. Ningempa alama nzuri.

Kisha akasimama shefu wa kartye, mkuu wa mtaa. Akasema bustani ni sawa, lakini kwanza wale wa chini watoke.

"Ngombe haziwezi kukojolea bami," akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Wakapitisha: familia zote za mteremkoni ziondoke kabla wiki ijayo haijaisha. Hakuna aliyeuliza waende wapi. Mama Nyota alikuwa mlangoni na bidoni lake, amekuja kuuza maziwa wakati wa mapumziko. Alisikia yote.

Mikono yangu ilikuwa inapiga makofi. Niliikuta inapiga.

Uongo wangu unafukuza watu. Nilidhani umelala.

Ijumaa, 10 Novemba

Mama Nyota amekuja kama kawaida. Amemimina maziwa. Hakulia, na hilo lilinitisha zaidi.

"Papa Agronomu, weye njo mukubwa wa miti. Ubaambie ngombe yangu haikulaka mwami hata mumoja."

Mama Jeanine alicheka, akajuta. Akamshauri aende Walikale, huko nafasi ni nyingi.

"Walikale ni pori, mama. Ngombe itakula nini, kakao?"

Kurudi Bihambwe haiwezekani. Nyumba yake kule ilichomwa. Kalembe watu wanaendelea kukimbia. Alisema haya yote akifunika bidoni, kama mtu anayetaja bei.

Leo forum imepumzika; kesho ni siku yake ya pili. Nitasema. Nitasema kwamba hakuna mwami, miti niliipanda mimi. Bila mwami hawana sababu ya kuwafukuza. Jina langu litachafuka. Na lichafuke.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimesema. Mambo yamekuwa mabaya zaidi.

Bahati alinishika kiwiko hadi kwenye mikro. Nilisema kwa sauti niliyokuwa nayo: Kabingo si pa bami, hadithi niliitunga, miti niliipanda kwa mikono hii ili chemchemi isikauke. Nilisubiri kuzomewa. Nilitamani kuzomewa.

Walisimama. Wote. Walipiga makofi mpaka vumbi likatoka darini. Mwanachuo mmoja wa kike alilia. Bahati alisema mbele ya watu kwamba mzee huyu alielewa ikolojia ya mji kabla mji haujakuwepo.

Shefu wa kartye akachukua mikro. Alikuwa anatabasamu.

"Kama agronomu wa Leta njo alipanda, basi ni miti ya Leta. Na udongo ni ya Leta. Sasa iko kazi mwepesi."

Mwami angeweza kubishaniwa. Serikali haibishaniwi. Tarehe haikubadilika. Bustani imepewa jina tayari: Bustani ya Papa Agronomu.

Nimerudi nyumbani na shada la maua shingoni. Mama Jeanine amelitia kwenye ndoo ya maji ili lisinyauke. Nimemwambia alitupe. Hakuelewa.

Jumapili, 12 Novemba

Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa. Nilisimama. Nina ugonjwa, ningeweza kubaki nimekaa. Nilisimama.

Mama Nyota hakuwepo.

Jumanne, 14 Novemba

Wanachuo wameanza kuchimba mashimo ya miche katikati ya duara. Mchana Bahati alikuja mbio na simu yake. Picha: kilima kidogo cha udongo mgumu, kimefukuliwa nusu, kina shimo laini juu kama bakuli.

"Papa, ulisema hakukuwa na mutu. Hii sasa ni nini? Ni kaburi?"

Nilisema sijui. Nilikijua kabla hajamaliza kuinyoosha simu.

Ni kibumbiro. Wafugaji hukijenga ndani ya lugo, boma la ng'ombe, ili kuwanywesha maji ya chumvi. Kile nilikiona kikijengwa. Aliyekijenga alikuwa Rukara.

Sikupanda mti hata mmoja Kabingo. Hata hapa, ambapo hakuna anayenisoma, nilijidanganya. Ni nguzo za lugo la Rukara zilizoshika mizizi. Pengo la magharibi ni mlango wa ng'ombe.

Rukara alikuwa rafiki yangu. Alinipa mtamba, Gaju, ng'ombe mwekundu. Kwa watu wake, ukipewa ng'ombe hamwachani tena. Hata wakulima kama sisi tulilijua hilo. Vita vilipofika alikimbia na familia yake, akaniambia: uniangalizie lugo. Misimu ikapita. Nyumba ikaanguka, na mimi nikasukuma kilichobaki. Nguzo zikatoa majani. Wakaja wakubwa wa mradi kukagua miti niliyotumwa kupanda, na sikuwa nimepanda kitu. Nikawapeleka Kabingo. Nikasema ni yangu. Nikapandishwa cheo. Kwa wenyeji nikasema ni ya bami, ili asitokee mtu wa kuuliza.

Mama Nyota ni binti wa Rukara. Nimelijua tangu siku ya kwanza aliponiletea maziwa; ana paji la baba yake. Kila asubuhi nilinunua maziwa yake, nikaliita hilo wema.

Anafukuzwa kutoka kwao.

Jumatano, 15 Novemba

Nilimwambia Mama Jeanine anitafutie kipoyi. Alidhani ninataka hospitali. Wanaume wanne wa kanisa walikuja, wakanifunga kwenye machela kwa shuka, wakaniinua. Walipojua tunapanda Kabingo walilalamika njia nzima.

"Papa Agronomu, ulikula mawe?"

"Ni diploma hiyo. Iko nzito," mwenzake akamjibu.

Nilicheka. Kifua kiliuma.

Juu walikuwepo Bahati na wanachuo, shefu wa kartye na kamba za kupimia, na wafugaji wamesimama pembeni na vitu vyao vimefungwa tayari. Magodoro. Kuku ndani ya kikapu. Niliomba waniteremshe penye pengo. Nikasema jina la Rukara. Nikasema lugo, kibumbiro, wakubwa wa mradi, cheo. Nilisema alikimbia na hakuonekana tena. Nilimwonyesha Mama Nyota kwa kidole, nikasema ni binti yake.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Muzee," shefu akasema, "kwanza ni ya bami, kisha ni ya Leta, leo ni ya Rukara. Kesho itakuwa ya malaika?"

Baadhi walicheka. Kijana mmoja alinong'ona kwamba ugonjwa umepanda kichwani. Niliona wanavyoniangalia, kwa huruma, na nikaelewa kwamba waliniamini kila nilipodanganya, na sasa nikisema kweli hawataniamini.

Mama Nyota hakuniangalia. Alishuka, akarudi anavuta ng'ombe wake mkubwa kwa kamba. Akampitisha katika pengo. Ng'ombe alikwenda moja kwa moja kwenye udongo uliofukuliwa, akaanza kulamba. Alilamba kwa nguvu, ulimi ukikwaruza. Wafugaji wazee wakatoa sauti moja, ya chini. Mmoja akavua kofia.

Sijui kama chumvi hubaki ardhini muda wote huo na mvua za hapa. Mimi ni agronomu, ninasita. Wao hawakusita.

Bahati alikaa chini kwenye majani. Alikuwa ameshika kichwa. Baadaye alimwambia shefu kwamba chuo hakitapanda mche hata mmoja kwa kufukuza mwenye lugo, na kama mji unataka bustani uombe ruhusa kwa mama huyu. Shefu alikunja kamba zake polepole. Akasema, "Bakae kwanza." Neno dogo. Watu walianza kufungua magodoro.

Hakuna aliyenisemesha. Wabebaji walinishusha.

Ijumaa, 17 Novemba

Hakuna mvua leo. Pumzi ni fupi. Mama Jeanine ameniweka karibu na dirisha.

Jana maziwa hayakuja. Leo Mama Nyota amekuja. Ameweka bidoni chini na, kwa mara ya kwanza, ameketi. Nilisikia jirani akitwanga.

Kisha aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia. Alikuwa mtoto mdogo. Walikuwa wamejificha Bihambwe. Baba yake aliwaaga asubuhi, akasema anakwenda kuona lugo lake na kumsalimu rafiki yake. Hakurudi. Mama yao alingoja mpaka akafa akingoja. Hawakuwahi kupata mtu wa kuwaambia kitu.

"Papa, alifikaka huku?"

Juzi, mbele ya wote, nilisema hakuonekana tena. Ningeweza kulirudia. Lilikuwa tayari mdomoni.

Nilimwomba Mama Jeanine asitoke. Nikamwambia.

Alifika. Penye daraja palikuwa na bariere, kizuizi cha njia, na vijana wenye bunduki walikuwa wamemsimamisha. Nilikuwa ninapita na baiskeli. Wakubwa wa mradi walikuwa wameondoka wiki ile ile, wameshaandika miti ya Kabingo kwa jina langu. Vijana waliniita: Agronomu, unamfahamu mtu huyu? Neno langu lingetosha wamwachie, walikuwa wananiheshimu. Rukara alinitazama, akatabasamu, akaniuliza habari za Gaju.

Nikasema simfahamu.