Masafa Yaliyofungiwa

Alhamisi, Isevya

Wamekataa. Nilijua watakataa, lakini nilivaa gauni la kanisani nikaenda.

Kampuni ile kubwa ya simu ina leseni ya masafa ya mawimbi kwa mkoa mzima, ila vijiji vya ndani huko Tura haijavipelekea intaneti. Simu ya kawaida tu ndiyo inashika. Niliomba kwa mkataba niyatumie huko peke yake. Meneja alinisikiliza vizuri.

"Dada, hayo tumeyatunza kwa mipango ya baadaye," akasema, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Basi intaneti ninayowauzia watu wa huko inabaki kwenye masafa ya bure, yanayogombaniwa na kila mwenye antena. Tangu watu wengine wasimike mitambo mipya hapa mtaani, mawimbi yangu yanamezwa. Nimebadilisha chaneli mpaka zimeisha.

Jioni akapiga Sista Yustina, muuguzi wa zahanati ya misheni kule. Alikuwa akiongea na daktari wa mjini kwa video, wanamtazama mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya. Picha ikaganda, kisha ikapotea. Wamempakia kwenye gari wamlete Tabora, na barabara ile naijua.

Nilimwamkia, nikaomba radhi.

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli tu. Kesho itafanya kazi?"

Wateja wengine huwa nawaambia ndiyo. Yeye nikamwambia hapana, atafute mtandao mwingine.

"Mwingine uko wapi?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. Tulipoagana nikapiga hospitali ya mjini, gari halijafika.

Nimepiga tena hospitali. Gari bado halijafika.