Aliyefungua Banda la Madume

Nyumbani,
12 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko mjini? Shemeji na wanao wazima? Na kile kikohozi, kimekuacha? Sisi huku tunapumua tu.

Kondoo majike tulishawatenga na madume. Daktari wa mifugo amewapima, karibu wote wana mimba. Habari njema imeishia hapo.

Madume unawajua wakishatolewa kwa majike: kila mmoja anataka ubwana. Baba huwabana wote watatu kwenye banda lisilozidi kitanda, siku mbili nzima, wasipate nafasi ya kurudi nyuma na kupigana vichwa, mpaka wazoeane. Husema aliyetunga ile ya mafahali wawili hawakai zizi moja hakujua kuwabana.

Mwaka huu kazi hiyo alinipa mimi. Unanijua na huruma zangu, hata kuku wa kuchinjwa hukimbilia nyuma ya gauni langu. Siku ya kwanza tu niliwakuta wanahema kwa joto, yule mkongwe tunayemwita Hakimu ameegemea ukuta. Nikawafungulia watoke nje, waende uwanjani.

Sikufika hata jikoni nikasikia kishindo. Hakimu alikuwa chini, shingo imevunjika. Baba akawakimbilia wale wawili kwa fimbo, mmoja akamgonga nyonga. Mfupa umevunjika, na hospitali wanasema hatatembea tena bila magongo.

Ulipopiga simu, Baba alikwambia banda alilifungua yeye, kwa kusahau. Nilikuwa pale pembeni ya kitanda, nikanyamaza. Ndipo ukasema akili yake imechoka, kondoo wauzwe, nawe utakuja mwisho wa mwezi umchukue. Tangu hapo anakula vijiko viwili, anageukia ukutani.

Nilimwuliza kwa nini alijisingizia. Akasema, "Wewe utaishi na kaka yako miaka mingi kuliko mimi."

Kaka, Baba hajasahau kitu. Hata sasa kitandani anakutajia kila jike na wiki atakayozaa. Aliyekosea ni mimi, na aibu ndiyo iliyonizuia kukwambia mpaka leo.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi, na Mjomba fundi viatu. Wabusu watoto. Mungu akufunike wewe na nyumba yako.

Kama ni lazima mtu aondolewe shambani, njoo unichukue mimi. Baba mwachie kondoo wake.

Ni mimi mdogo wako wa kike,
nikupendaye hata ukinikasirikia.