Barua Saba za Baba Sang-cheol

Mdogo wangu Geum-ja,

Natumai hujambo huko Busan na goti limetulia. Huku mpunga umeiva. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Darasa la wazee la kusoma na kuandika limenifikisha hapa. Maktaba yetu imetushindanisha: kabla ya mwezi mpevu wa Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno, kila mtu asome maandishi matano, na ya mwisho yawe yaliyoandikwa na marehemu wake.

"Hata barua?" nilimuuliza binti wa maktaba.

"Hata barua, bibi, mradi usisomewe!"

Basi nikazitoa barua saba za marehemu mume wangu, Baba Sang-cheol, zile alizoandika akijenga barabara Uarabuni, nawe ukinisomea jikoni. Ameandika habari za joto, mchanga na paa la zizi. Geum-ja, hakuna hata mahali pamoja alipoandika kwamba ananikumbuka. Maneno yale matamu uliyokuwa ukinisomea yalikuwa yako.

Nililia kidogo, kisha nikacheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Miaka mitatu ile aliyokuwa mbali niliivumilia kwa maneno yako, mdogo wangu. Ahsante.

Mashindano nimemaliza. Njoo sikukuu tufinyange songpyeon, vile vikeki vya mchele vyenye ufuta. Safari hii barua nitakusomea mimi, na nitaongeza ninayotaka.

Dada yako akupendaye,
Pil-lye