Babu Amemposa Bibi

Alhamisi. Bagamoyo imeamka na manyunyu, nguo za jana bado mbichi kwenye kamba, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Ndiyo maana naiandika hapa.

Babu amemposa Bibi.

Najua, walioana kabla baba yangu hajazaliwa. Lakini wiki hii Bibi amekataa katakata kukaa chumba kimoja na Babu. Akimwona tu anajifunika khanga mpaka usoni na kuuliza huyu bwana anatafuta nini humu ndani. Chai haipokei mkononi mwake, dawa ndiyo usiseme. Babu amehamia kulala sebuleni kwenye mkeka. Baba Mdogo naye kapiga simu kutoka Dar kwamba Jumamosi anakuja kumchukua mama yake moja kwa moja, maana mzee hamwezi tena.

Wakitenganishwa hawa wawili, sijui nani atatangulia kufa.

Mwanzoni tulisema ni uzee. Jirani akasema kuna mkono wa mtu. Daktari ndiye aliyetuambia ni Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, ukianza na za juzi na jana, na za ujana ukiziacha kwa muda mrefu zaidi. Nilimsikia, lakini kuelewa nilikuwa bado. Nyumbani sote tuliendelea kumbishia Bibi: huyu ni mumeo, tazama picha ya harusi. Anaitazama picha, anamtazama Babu, kisha analia kwa aibu.

Aliyeelewa ni Babu. Jana alasiri aliniambia, wala hakuwa na hasira, "Hajanisahau. Anamsubiri yule kijana. Mimi nimezeeka, atanijuaje?"

Leo asubuhi akaoga, akavaa kanzu ya Idi na kofia, akajifukiza udi. Akatokea mlango wa uani, akazunguka nyumba kwenye manyunyu, akaja kupiga hodi mlango wa mbele. Hodi, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe! Nilipofungua akaninong'oneza kwamba anahitaji mshenga. Tangu nikiwa mtoto Babu hunitania kuwa mimi ndiye mchumba wake. Leo mchumba ndiye katumwa kuposa.

Bibi alikuwa chumbani na ungo wake wa mchele, kazi ambayo mikono yake haijaisahau. Mimi ananijua kama Tatu, shoga yake wa ujana, na siku hizi naitika. Nikamwambia kuna mtu mlangoni kaleta posa. Akatabasamu chini kwa chini. Akauliza anafanya kazi gani. Nikasema ni fundi baiskeli, kule Zinga, kazi ya Babu ya ujanani. Akauliza kama anaswali. Nikasema anaswali.

"Ana mke?"

Hapo ndipo nilipokoroga mambo. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo uongo ulikuwa na kiboko chake, basi ukweli ukanitoka wenyewe: anaye, mmoja.

Bibi akarudi kwenye mchele. "Basi mwambie ukewenza siutaki."

Nilirudi mlangoni nimenywea. Babu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, kisha akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Akanituma tena: nikamwambie huyo mke hana kinyongo, na angekuwepo angeridhia mwenyewe.

Bibi akapepeta mchele.

"Mwanamke huyo ana moyo," akasema. "Mimi nisingeweza."

Halafu akasema mgeni asiachwe nje akalowa. Babu akaingia, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini kama kijana aliyefundwa akafundika. Hakumgusa. Hakujieleza ni nani. Aliusifia mchele. Nilipoleta chai, ni yeye aliyeisogeza mbele ya Bibi pamoja na dawa, na Bibi akavipokea vyote viwili, uso kaufunika nusu.

Posa yenyewe hakuijibu. Alisema msichana wa heshima hajibu siku ileile, muungwana arudi kesho.

Mimi nimeolewa, nimeachika, na nilidhani mapenzi nayajua. Kumbe kuna mtu anaweza kuwa mgeni kwa mkewe mwenyewe na asinune. Nampenda babu yangu, lakini leo nimemheshimu upya.

Huenda kesho Bibi asikumbuke kama aliwahi kuposwa. Nilimuuliza Babu itakuwaje ikiwa hivyo. Akasema ataposa tena.

Mchana Baba Mdogo akapiga simu kuuliza Jumamosi alete gari saa ngapi. Babu akaniomba simu.

"Usije kumchukua," akamwambia. "Nimeposa, nasubiri jibu."

Manyunyu yamekatika. Kanzu iliingia tope kwenye pindo, nimeifua na kuianika. Mungu akijalia itakauka kabla ya kesho.