Kiti cha Kushoto cha Leyland

Jumamosi, 4 Agosti 2018

Leo nimewashinda wote! Wazee saba wa kizungu na chupa zao za chai na biskuti ngumu za kuchovya, na mimi mlinzi wa geti. Kila Jumamosi wanakuja hapa uwanjani Turffontein kuyatazama magari yao ya Kiingereza ya zamani. Mabasi mawili ya ghorofa, malori manne. Wanayatazama, halafu wanabishana. Basi namba fulani lilikuwa na rangi ya maziwa juu ya dirisha au chini ya dirisha. Masikio yanawaiva! Mmoja leo alishika mlango wa basi alilopanda akienda shule, machozi yanamlenga.

Halafu Oom Fanie, yaani Mjomba Fanie kwa Kikaburu, mwenye lile lori la Leyland, akauliza nani anaweza kutoa kwa mdomo mlio wa Leyland ikipanda mlima na mzigo. Wakajaribu. Mmoja kama ng'ombe. Mmoja kama pikipiki. Nikaweka kalamu chini. Nikawapa Leyland ya mwaka sitini na saba, mapipa ya mafuta kwenda Zambia, mlima Kitonga. Inanguruma — inachoka — klachi — kimya kidogo — mafuta — klachi tena — ngrrr, gia ya kwanza imeingia. Oom Fanie akavua kofia.

Ndiyo maana hawaniiti mlinzi. Wananiita Draiva. Tangu mwaka jana.

Naandika kurasa za nyuma za kitabu cha geti kilichoisha. Shule niliacha darasa la pili, kusoma nilijifunza kwenye vibao vya barabarani na maandishi ya maturubai. Lakini mlinzi mwenye mwandiko kama huu Joburg nzima hakuna.

Jumatano, 8 Agosti 2018

Marcellin amekuja kupima viti vya Leyland avivalishe ngozi mpya. Fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, mdomo kama mkasi wake. Anasema Leyland ni gari la kubebea chai na maziwa, lori ni yale ya Kijerumani waliyokuwa nayo migodini kwao. Nikamwambia panda nikuonyeshe lori. Nikapanda. Yeye akabaki chini ananitazama.

"Papa," akasema, maana mzee kwao ni Papa, "dereva gani anapandaka mlango wa kushoto?"

Usukani uko kulia. Nilikuwa nimekaa kushoto, mkono nje ya dirisha, raha mustarehe. Nikamwambia napima kiti. "Eish, Papa, unapimaka kila siku," akasema. Akacheka. Mshenzi.

Sawa. Humu naandika peke yangu, nimdanganye nani? Nilikuwa utingo. Miaka tisa, Dar mpaka Ndola. Dereva alikuwa Bakiri. Kazi yangu turubai, kamba, maji ya rejeta, na lile gogo. Lori likishindwa mlimani mimi naruka na gogo naweka nyuma ya tairi kabla halijarudi. Kisha nagonga mlango wa kushoto. Mara moja, simama. Mara mbili, twende. Hakuna utingo aliyeruka kama mimi. Bakiri aliniita Panzi.

Na kuendesha niliendesha! Mara moja. Mwaka sitini na tisa Bakiri alishikwa na malaria, akalala kiti changu akitetemeka, mimi nikashika usukani maili kumi na moja mpaka Makambako. Yeye macho amefumba, anasikiliza injini tu. "Kanyaga. Achia. Mafuta. Kanyaga." Maili kumi na moja ni maili.

Jumamosi, 18 Agosti 2018

Makubwa. Oom Fanie kapasuliwa goti, klachi ya Leyland haiwezi. Tarehe 24 mwezi ujao, sikukuu ya Heritage, ya urithi, wanafungua geti kwa wageni. Miaka mitatu ameitengeneza ile Leyland, siku hiyo ipande kile kilima cha nyuma mpaka geti la juu, na mzigo wa matofali, watu wakitazama. Ni ndani ya uwanja, hakuna trafiki. Akanishika bega. Draiva, anasema, mimi siwezi kumpa mtu mwingine usukani.

Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Jumapili, 19 Agosti 2018

Ningesema nini? Basi.

Ijumaa, 31 Agosti 2018

Mwandiko umeharibika. Nimetoka kuswali Mayfair, nikapita dukani kwa Kidawa kununua udi. Kidawa anauza vitambaa, ngozi na manukato, namjua mwaka wa pili, Mtanzania mwenzangu, salamu tu. Nyuma ya duka pana mzee amekaa kwenye kigoda, miwani myeusi. Nikasema bei imepanda, nanung'unika kama kawaida. Yule mzee akainua kichwa.

"Panzi?"

Bakiri! Miaka arobaini na kitu hatujaonana! Baba wa Kidawa ni Bakiri, na mimi sikujua! Ameletwa kutibiwa macho. Jicho moja limekufa, la pili linaona kivuli. Kanijua kwa sauti. Nikasema shikamoo kaka. Akanipapasa uso, akasema umekuwa mbaya zaidi. Tumecheka, tumelia, Kidawa akafunga duka saa nzima. "Kumbe wewe ndiye baba mdogo Panzi!" anasema. "Baba hajamaliza kutusimulia. Yule utingo aliyeruka na gogo mpaka kiatu kikabaki ndani ya lori!"

Mbele ya wateja waliobaki ndani. Utingo, utingo, utingo.

Bakiri akauliza nafanya kazi wapi. Nikasema nalinda uwanja wa magari. Magari gani? Magari tu, kaka.

Jumapili, 9 Septemba 2018

Nimempelekea machungwa. Tumezungumza saa nne, hatukutoka kwenye lori. Anakumbuka kila kona ya barabara ile. Anakumbuka bati lililolegea mlangoni kwangu, jinsi lilivyolia tukipita kwenye makorongo. Akauliza, Panzi, huku kwa makaburu Leyland hazikubaki hata moja? Ningetoa macho yangu niisikie mara moja tu. Akacheka mwenyewe, maana macho hana.

Nikasema zimekwisha zote. Vyuma chakavu.

Nimesema hivyo. Kwa Bakiri! Lakini akija pale atasema Panzi, atasema utingo, na Oom Fanie atavaa kofia yake. Nitarudi kuwa mlinzi. Baada ya sikukuu nitampeleka. Tarehe 25. Nimeamua.

Jumanne, 18 Septemba 2018

Nimefanya mazoezi, injini imezimwa. Kiti cha kulia. Klachi nzito kama kufukia kaburi. Gia nazijua kwa masikio, mkono hauzijui. Nimechonga gogo jipya la mti wa bluegum, ule mkaratusi, zuri sana. Angalau gogo sikukosea.

Jumamosi, 22 Septemba 2018

Marcellin kaleta viti. Kazi nzuri, sikumwambia. Nikamwuliza ngozi nyekundu hii kapata wapi. Mayfair, anasema, kwa yule mama Mtanzania. Babake ni mzee mmoja kipofu, mtu mzuri, huyo mzee ndiye aliyemwuliza anashona nini.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli, Papa. Nashona kiti ya Leyland ya sikukuu, kule Turffontein."

Sikula.

Jumatatu, 24 Septemba 2018

Saa tatu asubuhi. Watu wengi. Watoto wanapanda mabasi ya ghorofa. Wazee wamevaa tai. Mimi nimevaa koti la kaki na kofia aliyonipa Oom Fanie. Matofali yamepakiwa. Bakiri hajaja. Labda hatakuja.

Saa tano na nusu. Naandika upesi, niko kibandani. Nimewaambia nafuata gogo.

Kaja. Kidawa kamshika mkono, kanzu nyeupe. Nilikuwa nimesimama na Oom Fanie na wazee wote, siwezi hata kukimbia. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja, mikono mbele, mpaka akaigusa. Taa. Boneti. Alama ya mbele akaipapasa herufi moja moja. Akaweka shavu kwenye bati. Wale wazee wa kizungu wakarudi hatua moja nyuma, wanajua hicho ni kitu gani, wao wenyewe hufanya hivyo wakidhani hawaonekani.

Halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, uso bado kwenye bati, "Chuma chakavu hiki kinanukia vizuri, Panzi."

Nikavua kofia, nikaivaa tena.

Oom Fanie akauliza huyu mzee ni nani, anamjua Draiva? Kidawa akafungua mdomo. Nikaona nimekwisha. Lakini Bakiri alimbana mkono, mimi niliona, akamgeukia Oom Fanie na Kiingereza chake cha bandarini, akasema ndiyo, anamjua Draiva. Walisafiri pamoja miaka tisa. Oom Fanie akamwuliza, ulikuwa dereva pia? No sah, akasema Bakiri. Mimi nilikuwa utingo wake. Nilikuwa naruka sana!

Wote wakacheka, wakampiga makofi. Marcellin hakucheka. Aliniangalia mimi, akaangalia mlango wa kushoto, akakohoa.

Bakiri, dereva aliyeheshimiwa na polisi wa mizani wote mpaka Tunduma. Utingo! Kwa ajili yangu. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia kaka, siwezi, nitawaambia ukweli sasa hivi. Nitasema. Akasema sema ukipenda, lakini lori kwanza. Akauliza kilima kinaanza mbali? Hatua mia mbili, nikasema. Kuna gogo? Lipo. "Basi nenda kalete," akasema, "umpe huyo Mkongo abebe, ana mdomo mwingi, aone kazi. Masikio yangu ni mazima, kama siku ile ya Makambako."

Injini imewaka. Oom Fanie kaiwasha mwenyewe akiwa nje, mkono kaupitisha mlangoni, analia kama mtoto. Mlio ule ule. Naandika huku meza inatetemeka.

Nimechungulia. Kidawa anampandisha Bakiri. Mzee hakuzunguka kwenda kulia, kwa dereva. Ameshika mlango kwa mkono mmoja, akajiinua, akakaa, mkono nje ya dirisha. Amekaa upande wangu.

Usukani uko wazi.

Anagonga mlango. Mara mbili.