Baiskeli Ndogo ya Kwenda Gashoho

Gitega, Jumanne

Bado nina hasira na yule fundi wa baiskeli wa sokoni. Nilimwonyesha ile ya magurudumu madogo yenye springi, akacheka. "Dada, ile iko ya watoto. We chukua hii kubwa, Muyinga iko mbali."

Hiyo kubwa ina lile bomba la juu. Na kitenge changu nitaipandaje? Nikaichukua ndogo, nikateremka nayo barabara ya vumbi hadi chini. Mashimo yote springi iliyameza, mgongo haukuuma. Kwenye vilima itanichosha, najua. Nitaisukuma. Hata wanaume wanasukuma.

Tangu petroli iadimike sijamwona mama. Yuko peke yake Gashoho, huko Muyinga, na shamba lake la maharage. Nikikaa kwenye cherehani nasikia harufu ya moshi wa kuni, ile ya kanga yake, na hapa kwangu hakuna anayepikia kuni.

Zamani nilimwomba aje tuishi wote. "Nilihama vya kutosha wakati wa ukimbizi kule Tanzania," alisema. "Shamba hili siliachi." Nikaacha kumwomba.

Jioni nimempigia simu, nikamsifia springi, nikamsifia tandiko, nikamwambia nitalala njiani kwa shangazi.

Kisha akauliza, "Mwanangu, nyuma ina keria?"

Haina. Kesho narudi kwa yule fundi. Acheke atakavyo, lakini aniungie keria pana, ya kukalia mtu.