Mlango Uliufunga, Dada

Mpendwa dada Paskalina,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ungekuwepo usingenisikiliza kabla sijakuamkia, hata kama nyumba inaungua. Nimekaa kwenye benchi la nje, hapa hapa Endasak, na wifi yako ananichungulia dirishani akijiuliza naandika nini kirefu hivi. Mimi na kalamu hatujawahi kuelewana, unajua. Nivumilie.

Nataka tuongee habari ya wale kuku.

Uliporudi nyumbani baada ya msiba wa shemeji, ulikuja na begi moja na tenga lenye mitetea watatu. Haikupita miaka miwili wakawa wameijaza nyumba. Walilala chini ya kitanda chako kama walivyolala kuku wa mama, na wa bibi kabla yake, na kila jioni uliwaita mmoja mmoja mpaka wote wakaingia. Yule wa kijivu ulimpa jina la Mwalimu Mkuu, kwa sababu alitembea akiwakagua wenzake. Nilikutania sana kwa hilo. Lakini hao ndio walikuwa mali yako, dada, na kwa ajili yao ulikuwa na sauti katika nyumba ambayo ulirudi ukiwa mjane, huna mtoto. Mgeni akija, aliyechinja ni wewe. Mtoto wetu akiugua, mayai yalitoka kwako.

Kisha mimi nikapata akili za mjini bila kwenda mjini. Ni ile miaka maduka ya Katesh yalianza kujaa vitu, tukaambiwa hata mkoa sasa ni wetu, hatuko Arusha tena, tuko Manyara. Nikasakafia nyumba kwa saruji, na nilipoona sakafu inang'aa nikajiona na mimi nimekuwa mtu. Jumuiya ikaja kusali kwetu. Katikati ya rozari Mwalimu Mkuu akatoka chumbani kwako, akatukagua wote, akarukia mapajani kwa katekista na kumwachia uchafu pale pale. Ulificha uso kwenye kitenge, mabega yakitikisika kwa kicheko. Katekista mwenyewe alicheka. Mimi sikucheka. Kesho yake nikakuambia kuku hawalali tena ndani ya nyumba yangu.

Nilisema "yangu", na uliisikia.

Hata hivyo hukununa. Nilipoleta robota la wavu wa waya kutoka Katesh, ni wewe uliyenishikia nguzo nikizikita nyuma ya jiko. Tukazungushia uzio wenye mlango wa kukomea kwa kijiti, kuku wapate pa kutembea, na kibanda cha kulala pembeni. Juu tukafunika kwa wavu pia, mwewe abaki na hamu yake. Hilo la mwewe ulilipenda sana. Kisha ukainama ukaangalia pale wavu ulipoishia.

"Na huku chini umeweka nini?"

"Udongo, dada. Si unauona?"

"Udongo ndiyo njia yenyewe ya nguchiro. Chimba mtaro, mkono uzame mpaka kwenye kiwiko, uteremshe wavu humo, upange mawe. Mawe nitabeba mimi."

"Huu ni wavu wa dukani, dada. Mambo ya mawe ni ya wazee."

Majirani walikuwa wamekuja kushangaa ule uzio, wa kwanza kwa mtaa wetu. Sikutaka wakuone ukinifundisha. Na kuchimba, niseme ukweli, niliona uvivu.

Ikafika ile Jumapili. Ulitoka nyumbani wa mwisho kama kawaida, ukatukuta njiani. Baada ya misa tulirudi na wanajumuiya, maana zamu ya chakula ilikuwa kwetu. Manyoya yalikuwa yametapakaa mpaka jikoni. Vifaranga hakubaki hata mmoja. Mitetea tisa walikuwa wamelala ndani ya uzio shingo zikiwa zimeng'atwa, na Mwalimu Mkuu alikuwa mmoja wao. Kile kijiti cha kukomea mlango kilikuwa chini. Leo najua kilichomoka kuku walipokuwa wakitapatapa na kuugonga mlango, lakini wakati ule mdomo wangu ulitangulia.

"Dada, umeacha mlango wazi!"

"Nilifunga, baba. Nilikomea."

"Ulikomea vipi? Au nguchiro ana funguo?"

Watu wakacheka kidogo, kwa aibu tu. Wewe ukaiangalia mikono yako, ukaigeuza upande huu na upande huu. Ukaenda jikoni kupakua chakula cha wageni.

Mimi nikabaki kuokota mizoga. Kule nyuma, kwenye majani, nikaona shimo. Lilipita chini ya wavu, udongo wake ukiwa bado na unyevu, na manyoya ya yule mnyama yamenasa kwenye waya. Nilisimama pale nikisikia sauti yako ndani ukiwaomba wageni radhi kwa kuchelewa. Ningeweza kuita. Wote wangekuja, wote wangeona. Badala yake nikasukuma udongo kwa kiatu changu cha kanisani, nikaukanyaga mpaka shimo likafutika. Halafu nikanawa, nikaingia, nikala.

Dada, hicho ndicho nilichofanya. Sina namna nzuri ya kukieleza.

Hukufuga tena. Mvua hazijaisha ukaniambia unakwenda Masieda, mjomba amezeeka, mkewe anahitaji mtu wa kumsaidia. Nilikubebea begi mpaka barabarani. Gari lilipoonekana ukasema, "Labda kweli sikufunga. Siku hizi nasahau." Nami nikajibu, "Yaishe hayo, dada. Nimekusamehe." Nilikusamehe, mimi! Nikakupungia na mkono. Maneno hayo huwa yananirudia nikiwa shambani, nasimamisha jembe.

Siku ya mazishi yako mke wa mjomba alinivuta pembeni. Alitaka kunifariji kwa kunisimulia tabia zako.

"Huyu alikuwa mtu mwema, ila na kamchezo kamoja," akasema. "Tukienda kanisani, tukifika nusu ya njia, anarudi kuangalia mlango. Siku nyingine mara mbili. Tulikuwa tunamcheka."

Nililia mpaka watu wakanishika. Wakasema kaka mtu ameumia. Hawakujua ninalilia nini.

Nilipotoka Masieda nilichimba ule mtaro. Nilichimba kuuzunguka uzio wote, nikateremsha wavu, nikabeba mawe mwenyewe, mengi kuliko yaliyohitajika. Nguchiro wamejaribu kuwafikia kuku wa wifi yako, wameshindwa. Sasa majirani wananiita fundi, wanakuja kuangalia na kuniuliza nani alinifundisha. Kwa miaka kadhaa nilijibu kuwa nilijaribu tu mwenyewe. Naona haya kuliandika hili.

Jumapili iliyopita jumuiya ilisali tena kwetu. Baada ya sala nikaomba kusema neno. Nikawaambia siku ile kuku walipouawa, dada Paskalina aliufunga mlango. Shimo nililiona, nikalifukia, nikamwachia lawama mbele yenu. Nilisubiri wanikemee. Katekista, ambaye sasa anatembelea fimbo, akatega sikio.

"Kuku gani, baba?"

Wakatazamana. Mmoja akauliza kama ni mwaka wa njaa. Mwingine akadhani nazungumzia kuku wa wifi yako. Nikawaeleza tangu mwanzo, wakatikisa vichwa kwa heshima tu. Hakuna aliyekumbuka, dada. Hata mmoja. Waliisahau siku ile kabla hawajafika kwao, na miaka yote hiyo, katika njia ile ya kanisani Masieda, aliyekuwa akiibeba ni wewe peke yako.

Nisamehe. Uliufunga, na ulikomea. Pumzika sasa, usirudi tena kuangalia.

Ni mimi,
mdogo wako.